Nilitaka bastola, mjomba akaniwekea mwiko kwenye mkoba

Mimi ni wakala wa pesa za simu Nkuhungu, hapa Dodoma, mwaka wa sita sasa. Kibanda changu kiko kando ya barabara ya vumbi, kushoto mama lishe, kulia kijiwe cha bodaboda. Mwaka wa nne nilipigwa roba.

Ilikuwa Julai, ule msimu wa baridi na upepo ambao watu wa hapa hujifungia ndani mapema. Nilifunga saa tatu kasoro usiku kama kawaida yangu, nikashika njia ya mkato ya korongoni kama kawaida yangu, mkoba begani, macho kwenye simu. Mkono ukanizunguka shingoni kutoka nyuma. Watu huniuliza mbona sikupiga kelele. Roba ikikukaa vizuri sauti haitoki. Nilipozinduka nilikuwa nimekaa mchangani, kiatu kimoja hakipo, shilingi 640,000 na simu mbili zimekwenda.

Usiku ule nilifanya jambo moja la maana: niliazima simu ya jirani, nikapiga huduma kwa wateja, laini zikafungwa. Floti yote, yaani pesa iliyo kwenye laini za uwakala, ikasalimika. Ndipo nikaenda kituoni, nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, nikatibiwa. Askari aliyeandika maelezo yangu aliniuliza, "Nani anajua saa unayofunga na njia unayopita?" Nikaanza kuwataja mmoja mmoja, nikachoka. Mtaa mzima ulikuwa unajua.

Shingo ilipona baada ya wiki mbili, hasira haikupona. Nikaamua nitafute bastola. Nikapanda basi hadi Kondoa kwa mjomba wangu, askari mstaafu, anayemiliki bunduki kwa leseni. Nilidhani atafurahi.

Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia mlolongo wake: unaanzia kwa viongozi wa mtaa wako, maombi yanapanda hadi polisi, unachunguzwa, na chini ya ile Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 lazima ithibitike pia kwamba kuitumia unajua. Ukiipata, una kazi ya kuihifadhi maisha yako yote; ikiibiwa, wa kwanza kuulizwa ni wewe. "Na mtu akishakupora akakimbia," alisema, "ukimpiga risasi ya mgongo, utamwambia nini hakimu? Sheria inakupa nguvu ya kiasi cha kujiokoa, haikupi ya kulipiza."

Nikabisha. Nikasema nitaitoa kabla hajanifikia.

Mjomba akaingia jikoni, akatoka na mwiko wa ugali. Akautumbukiza kwenye mkoba wangu, akafunga zipu. "Hiyo ndiyo bastola yako. Tembea mpaka kwenye mwembe."

Nilitembea. Sikumsikia akija, na mzee mwenyewe ana miaka 67 na goti bovu. Alinishika bega tu, kwa heshima ya shangazi aliyekuwa anatuangalia, na mkono wangu ulikuwa bado unapapasa zipu. Tukarudia. Mara ya tatu nilifungua mkoba, nikashika daftari la mahesabu. Mara ya nne nikauchomoa mwiko kweli, kwa shangwe, na yeye akaunyakua. "Haya, mwanangu. Sasa silaha ninayo mimi."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka siku ile.

Niliporudi Dodoma nilianza na pesa, maana ndizo zinazowaleta. Sasa ikifika saa kumi na moja jioni, noti zilizozidi nazipeleka kwa wakala mkuu, zinageuka floti, kibandani nabaki na za kutolea kidogo. Mteja akitaka laki tano jioni namwambia aje asubuhi. Nimewapoteza wengine kwa hilo, siwezi kuficha. Kufunga ni saa kumi na mbili na nusu, siku nyingine mapema zaidi, na njia ya korongoni nimeiacha hata mchana. Simu inakaa mfukoni mpaka niingie getini. Hilo la simu ndilo lililonishinda kwa muda mrefu kuliko yote.

Halafu nikaenda kwa majirani. Vijana wa kijiweni niliwanunulia chai, nikawaeleza. Na mama lishe, Mama Rehema, tukapatana maneno: nikimuuliza kwa sauti habari ya ubuyu wangu, ajue mambo si shwari. Mara ya kwanza nilimsumbua bure, kumbe jamaa aliyekuwa anazunguka kibanda ni shemeji yake, anaogopa kunikopa.

Mara ya pili ilikuwa Septemba, giza linaanza kuingia. Kijana mmoja alisimama dirishani akaniuliza, "Hapa unaweza kutoa mpaka shilingi ngapi?" Mteja wa kweli husema anataka kiasi gani. Huyu alikuwa anatazama droo, usoni kwangu hakutazama hata mara moja. Nyuma yake pikipiki ilikuwa inaunguruma, dereva hajavua kofia ngumu, kibao cha namba kimefungwa kitambaa. Moyo ukaanza kunienda mbio, nikavuta mlango wa ndani, nikaita, "Mama Rehema! Ubuyu wangu vipi?"

Akatoka na sufuria na upawa, anagonga kama kuna harusi. Kijiweni vichwa vikageuka, wawili wakawasha pikipiki zao. Yule kijana akasema atarudi kesho, akapanda, wakaondoka kuelekea Kizota. Hakurudi. Kama alikuwa mwizi au la, siwezi kuapa. Nilimpa taarifa mwenyekiti wa mtaa na kituoni, mavazi na rangi ya pikipiki, basi.

Robo saa baadaye Mama Rehema akaja na paketi mbili za ubuyu, anadai shilingi elfu moja. Nikalipa.