Nafsi Inapochukia Kila Namna ya Chakula

Neno la wiki: Zaburi 107:17–20

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Zaburi hii inataja watu wa dhiki nne: waliopotea jangwani, waliofungwa gizani, wagonjwa, na mabaharia waliokumbwa na dhoruba. Akifika kwa wagonjwa, mwimbaji hataji homa wala vidonda. Anasema, "Nafsi zao zachukia kila namna ya chakula, wameyakaribia malango ya mauti." Katika mateso yote ya ugonjwa, yeye ameona sahani iliyorudishwa jikoni haijaguswa. Aliyewahi kuuguza anaelewa. Mgonjwa akikataa kula, nyumba nzima inanyong'onyea.

Nimeombwa wiki hii tuwakumbuke wanaotibiwa homa ya ini aina ya C. Zamani tiba yake ilikuwa sindano za interferoni, miezi sita hadi karibu mwaka mzima, na wengi hawakupona. Leo ni vidonge vya kila siku, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya wagonjwa 95 katika 100 wanapona kabisa. Vidonge hivi havitesi kama sindano zile, lakini wapo wanaoumwa kichwa, wanaochoka, na wanaochafukwa na moyo. Dawa nyingine iitwayo ribavirini ikiongezwa, kichefuchefu huweza kuzidi.

Yupo ndugu yetu mmoja anayekaa Mbagala. Jioni jirani akitia samaki kwenye karai, yeye anafunga dirisha na kukaa na joto lake ndani, maana harufu ya mafuta ikimfikia tu, mate yanamjaa mdomoni. Mkewe alikuwa akimpakulia wali sahani nzima, kwa upendo, na sahani yenyewe ndiyo iliyomshinda. Siku hizi anampa uji mwepesi nusu kikombe, baada ya muda kipande cha muhogo wa kuchemsha, baadaye tena ndizi. Vyakula vya baridi au vuguvugu vinamkalia vizuri kuliko vya moto, kwa sababu havitoi harufu kali. Chai ya tangawizi isiyokolea anainywa kidogo kidogo. Akishakula hajilazi chali papo hapo. Kidonge alikuwa akimeza asubuhi tumbo likiwa tupu. Alimuuliza daktari, akaruhusiwa kukimeza usiku baada ya chakula, na sasa sehemu kubwa ya kichefuchefu anailala.

Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, usibuni la kufanya. Zipo dawa ambazo ukitapika ndani ya saa mbili unatakiwa kumeza nyingine, na kwa nyingine muda ni mrefu zaidi. Piga simu kliniki. Usiende pia duka la dawa ukanunua omeprazoli au dawa nyingine ya kutuliza tumbo kimyakimya: baadhi ya vidonge hivi, hasa vyenye dawa iitwayo velpatasviri, havifyonzwi vizuri asidi ya tumbo ikipunguzwa. Sema mapema ili upewe dawa ya kichefuchefu inayofaa. Kuna waumini wanaoona kulalamikia kichefuchefu ni kukosa shukrani. Mimi sioni hivyo. Watu wa zaburi hii walilia, na kilio chao kiliandikwa.

Na tafadhali, aliye kwenye dozi asifunge kavu, wala asiache vidonge kwa kuwa ameombewa. Dozi ikikatishwa, virusi vinaweza kurudi. Mungu akishamponya, kipimo cha wiki 12 baada ya dozi kitaonyesha. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, macho yakiwa ya njano au akianza kuchanganyikiwa, ni hospitali saa hiyo hiyo. Mkesha utasubiri.

Sasa mstari wa 17, ambao najua kuna waliokwisha kuubandika kwa mtu fulani. Unawaita wagonjwa hawa wapumbavu, wanaoteseka kwa makosa yao. Virusi vya C hupita kwa damu: sindano za kuchangia, vifaa visivyotakaswa, damu iliyoongezwa bila kupimwa. Tunao vijana waliojidunga dawa za kulevya, na baadhi yao wamesimama tena kupitia kliniki za methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, kama ile ya Muhimbili iliyoanza 2011. Tunao pia ambao hawakuwahi kujidunga. Basi mnong'ono wa "aliupatia wapi?" unazunguka kwenye viti vya nyuma. Soma zaburi mpaka mabaharia. Wale walikuwa kazini tu, hawakukosea chochote, nao wanaokolewa kwa kiitikio kile kile cha waliokosa: walimlilia Bwana, naye akawatoa. Kati ya kilio na jibu hakuna mahojiano.

Tukienda kuwaona, tufanye kama malaika alivyomfanyia Eliya chini ya mti wa mretemu. Alimletea mkate na maji. Eliya akala, akanywa, akajilaza tena, na malaika hakumkemea kwa kulala. Alirudi mara ya pili. Kwa hiyo akina mama, msiende kukaanga vitu nyumbani kwa mgonjwa. Marashi yapumzike siku hiyo. Peleka uji kwenye chupa, usisimame pale kuhakikisha ameumaliza, osha ndoo kama ina cha kuoshwa, uondoke. Ombi fupi linatosha.

Kuna mama anaanza dozi wiki ijayo na hana wa kumsindikiza kliniki. Anayeweza, amwone mwenyekiti wa jumuiya. Mwenye gari atusaidie zaidi, maana daladala ya asubuhi ikishajaa hadi mlangoni si mahali pa mtu mwenye kichefuchefu. Mkipanda daladala, mkae karibu na dirisha, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019, bebeni kopo lenye mfuniko na kitambaa.