Mwaka wetu unaanza chumvi ikiisha barabarani

Hapa Minnesota, mwaka wangu na mume wangu hauanzi Januari. Unaanza ile wiki ya Aprili ambayo mvua imenyesha ya kutosha kuosha chumvi barabarani. Miezi yote ya baridi malori humwaga chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula bodi la gari kama mchwa. Kwa hiyo kigari chetu cha mbio, Mazda MX-5 kuukuu ambayo Wamarekani wanaiita Miata, hukaa gerejini chini ya turubai mpaka mvua hiyo ipite. Siku ikifika, mume wangu hutoka nje kabla ya chai, akainama, akapitisha kidole juu ya lami, akakitazama. Kikiwa safi, nasikia mlango wa gereji unapanda.

Ndugu zetu wakisikia "mbio za magari" wanadhani ama tuna hela za kuchezea ama tumechoka kuishi. Siwalaumu. Sisi tuliokulia Kenya tulizijua mbio kwa Safari Rally: Joginder Singh aliyeshinda mara 3, Shekhar Mehta mara 5, vumbi, na watu wamejipanga kando ya barabara. Mbio ni za wenye timu na wafadhili, sisi wengine ni wa kupiga makofi. Hii yetu ni kitu kingine. Inaitwa autokrosi, na hata Kenya ipo, ila mimi nilikuja kuijulia huku ng'ambo.

Njia inapangwa kwa koni za rangi ya chungwa kwenye eneo pana la lami, mara nyingi uwanja wa kuegesha magari usio na kazi wikendi. Hushindani na gari lililo ubavuni mwako, unashindana na saa. Raundi moja haizidi sana dakika. Kiingilio cha siku ni chini ya dola 100, na gari unaloendea kazini linakubalika bila shida. Nimeona mama mmoja akishuka na gari la familia, kiti cha mtoto amekiacha pembeni kwenye nyasi, na akawaaibisha vijana wenye magari ya bei. Kasi yenyewe si ya kutisha, ni ile ya barabara kuu au chini yake, ila kona zinakuja mfululizo kiasi kwamba ukimaliza ndipo unagundua hukuwa unapumua.

Ukigonga koni unaongezewa sekunde 2. Hiyo ndiyo kanuni ya SCCA, chama cha magari ya spoti cha Marekani ambacho kimekuwapo tangu 1944. Kila koni imechorewa mstari kuzunguka kitako chake. Ikisogezwa lakini ikabaki wima, na bado inagusa mstari, umesalimika. Ikilala au ikitoka nje kabisa, imekula kwako. Nimeshuhudia watu wazima, mabosi huko makazini kwao, wakibishana juu ya upana wa mstari wa chaki.

Sasa, nani anaziinua hizo koni? Sisi wenyewe. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penye habari.

Katika autokrosi hakuna kulipa kiingilio ukaenda kukaa kivulini. Madereva hugawanywa makundi. Kundi moja likiendesha, lingine linasimama kwenye vituo ndani ya uwanja, wawili watatu kila kituo, wakiwa na redio, bendera nyekundu na kizimamoto. Gari likipita, macho yenu yako kwenye koni zenu. Ikianguka, mmoja anaikimbilia na kuirudisha ndani ya mstari wake, mwingine anataja redioni namba ya gari na idadi ya koni. Mkichelewa na gari linalofuata limeshatokea, mnapeperusha bendera, dereva anasimama, na anapewa raundi nyingine. Hukai. Hushiki simu. Huwapi mgongo magari yanayokuja.

Aliyenifundisha hayo ni mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenye kofia ya majani na maneno machache. Tulipangwa kituo kimoja, koni kama ishirini hivi za kulinda, jua la saa sita. Nieleze kwanza jinsi watu wa huku walivyo. Wana adabu kupita kiasi. Jirani atakuja kukusukumia gari lililonasa kwenye theluji, bila kuitwa, kisha atakutakia siku njema na kurudi kwake, mlango tii. Mwaka utakwisha hujui ana watoto wangapi. Miaka yetu ya mwanzo marafiki tuliokuwa nao ni Wakenya na Watanzania wa kanisani, basi. Sikuona ubaya wake, ila nilichoka kuishi kwenye nchi kama mtu anayesubiri basi.

Kwenye kile kituo, mzee wa reli hakuniuliza natoka wapi. Aliniuliza, "Ile ya tatu umeiona? Imegusa mstari au haijagusa?" Nikasema imegusa. Akasema amekubali. Tukaendelea hivyo saa nzima, tukihukumu koni, na katikati ya gari na gari maneno yakaanza kupenya: goti lake, zamu zangu za usiku hospitalini, mke wake aliyefariki, Miata yetu inayovuja mafuta kidogo. Swali la natoka wapi lilikuja baadaye sana, tukinywa maji, na lilikuja kwa hamu ya kweli ya kujua. Siku hizi ana ufunguo wa nyumba yetu.

Nimefikiria sana kwa nini ilikuwa rahisi pale na ngumu kwingine. Naona ni kwa sababu watu wa huku hawajui kukaa tu na mgeni. Umwalike mtu chai, anatazama saa. Mpe koni, redio na jambo la kubishania, atakueleza maisha yake yote na wala hatakumbuka kwamba hamjuani.

Mimi na mume wangu tunatumia gari moja. Inaruhusiwa, na kwa mfuko wetu ndiyo namna pekee. Yeye ni namba 47, mimi 147: ile 1 ni kipande cha sumaku ninachokibandika mlangoni zamu yangu ikifika na kukibandua nikimaliza. Kuna daraja la wanawake, ila nikijiandikisha huko, nyumbani nitamshinda nani? Yeye ni mrefu, mimi nahitaji mto wa mgongoni ili miguu ifike sawasawa kwenye klachi. Kwa hiyo kila badilisho ni purukushani: kiti mbele, mto ndani, helmeti, sumaku, mkanda, na mtu wa foleni tayari anakupungia mkono usogee.

Ugomvi wetu wa ndoa unafuata majira. Aprili, lami ikiwa baridi, matairi hayashiki mpaka yapate moto, kwa hiyo kila mmoja anamwambia mwenzake, "Tangulia wewe, mpenzi." Julai ni kinyume chake. Gari likiendeshwa na watu wawili mfululizo matairi yanachemka, mpira unaanza kuteleza, na wa pili ndiye anayeumia. Tunakuwa na pampu ya mkono, ile ya kunyunyizia maua, na mmoja akishuka mwingine anazunguka gari akiyamwagia matairi maji mpaka yatoe mvuke. Siku za joto hizo ghafla kila mtu anataka kutangulia. Tulikubaliana kupokezana. Makubaliano hayo yanavunjwa karibu kila tukio, na mwenye muda mbaya ndiye anayepakia jeki na vifaa jioni.

Mbwa wetu anaitwa Breki. Jina halimfai, hasimami. Waandaaji wengi hawaruhusu wanyama kabisa, na wanaoruhusu wanataka mbwa awe kwenye kamba, mbali na njia na foleni ya magari, kwani mbwa mmoja akichomoka uwanja wote unasimama. Tunaona wana haki. Kisha kuna hiyo lami. Ukiweka mgongo wa kiganja juu yake na huwezi kuvumilia kwa sekunde chache, nyayo za mbwa nazo haziwezi. Na kumfungia garini usithubutu: nje kukiwa nyuzi 21 tu za Selsiasi, ndani ya gari hupanda hadi karibu 32 kwa dakika 10, na sheria ya Minnesota inakataza kumwacha mnyama garini peke yake katika hali ya kumhatarisha. Polisi anaweza kuingia kumtoa.

Basi tulio na mbwa tumeanzisha zamu. Kuna dada mmoja Mhmong, jamii yenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, na mumewe wenye mbwa wawili wazee, na kijana wa chuo mwenye mmoja anayeogopa hata chafya. Familia moja inabaki na mbwa wote nyumbani au chini ya miti kandokando, wengine wanaendesha, tukio lijalo tunabadilishana. Zamu yangu ya mbwa naipenda kuliko ninavyokiri mbele ya mume wangu. Hakuna saa, hakuna koni, na Breki akilala juu ya miguu yako huna pa kwenda.

Kiangazi huwa tunakwenda Wisconsin, Road America, kutazama mbio za kweli. Njia yake ni maili 4.048, kama kilomita 6.5, kona 14, na haijabadilika sana tangu ifunguliwe 1955. Kabla yake walikuwa wakishindana kwenye barabara za umma kuzunguka kijiji cha Elkhart Lake. Wengi wanaoshindana siku za SCCA ni watu wa kazi za kawaida wanaolala kwenye matrela yao. Marafiki zetu wawili hushika bendera huko kwa kujitolea na wametufundisha kuzisoma: ya mistari myekundu na ya njano ni utelezi au takataka njiani, nyeusi ni dereva kuitwa kuja kujieleza. Huku Minnesota wenyeji wanajisifia uwanja wa mbio wa Brainerd, ambako mwigizaji Paul Newman alishinda mbio za Trans-Am, mashindano ya magari ya Marekani, mwaka 1982, akiwa na miaka 57. Mume wangu hunikumbusha umri huo kila nikigusia kwamba mchezo huu una ukomo.

Kisha yanakuja mapukutiko, na kwangu huo ndio wakati wa hatari kuliko wote, ingawa gari halitembei. Viwanja vingi vya mbio huko kwenye mizunguko mikubwa vinakataza kulanti ya kawaida, ile dawa ya kupoza injini isiyoganda, kwenye rejeta, kwani ikimwagika njiani inateleza vibaya na haikauki upesi. Marafiki wetu wanaoenda huko hukimbiza magari yao na maji matupu. Lakini maji yakiganda hutanuka, na baridi ya Minnesota itapasua bloku ya injini ukiwa umelala. Kwa hiyo Oktoba watu hukusanyika gerejini kwetu, kwa kuwa ni kubwa na ina joto, wanatoa maji na kurudisha kulanti. Magari manne matano kwa Jumamosi moja, mabeseni kila mahali.

Tatizo ni kwamba kulanti nyingi ina ethilini glaikoli. Ina utamu, wanyama huilamba, na ni sumu inayoua figo. Kwa paka hata kijiko kimoja cha chai kinaweza kutosha. Akiilamba, nafasi ya kumwokoa iko katika saa chache za mwanzo, kabla hata hajaonekana mgonjwa sana. Nasi tuna Mwajuma, paka wa rangi ya majivu ambaye anaamini gereji ni yake na sisi ni wapangaji. Sheria za siku hiyo naziweka mimi, na sina mzaha: Mwajuma anafungiwa chumbani na mchanga wake na chakula chake, beseni halikai chini bila mtu, na kila tone linafunikwa kwa mchanga wa kunyonya, linafagiliwa, panaoshwa. Siku hizi tunanunua ile ya propilini glaikoli, ambayo madhara yake ni madogo zaidi, lakini sheria hazijabadilika. Mzee wa reli ndiye askari wangu. Alimwona jamaa mmoja mgeni amesogeza beseni mlangoni akaenda kupokea simu, akalichukua, akasimama nalo mikononi mpaka yule jamaa akamaliza kuongea. Hakumwambia neno. Yule jamaa hajarudia.

Theluji ikianguka mambo hayaishi, yanahamia ndani. Gari linapanda juu ya stendi, breki zinafunguliwa, watu wanakuja na spana zao na habari zao. Dada wa Kihmong huleta binti yake afanye hesabu za shule kwenye benchi la vifaa. Mwajuma hulala juu ya boneti ya gari lolote lililoingia karibuni, kwa vile bado lina joto, na mtu akitaka kuondoka anamsubiri aamke.

Januari na Februari kuna wanaoshindana kwenye maziwa yaliyoganda, wengine kwa matairi yenye misumari, wengine kwa mpira mtupu. Idara ya Maliasili ya jimbo inashauri inchi 4 za barafu mpya na safi kwa mtu anayetembea, na 9 hadi 10 kwa gari dogo, na watu wa huku hutoboa shimo wakapima kwa rula kabla ya kuingia. Tulikwenda kutazama. Breki alivishwa viatu vyake vinne, akavivua vitatu. Magari yalikuwa yakienda ubavuubavu kona nzima, polepole ukiyalinganisha na ya kiangazi, na mume wangu alikuwa na uso ambao nimeujua tangu siku ya harusi.

Sasa anataka tununue gari la pili, bovu la kutosha, kwa ajili ya barafu tu. Mzee wa reli, ambaye nilidhani ni wa upande wangu, ameshamwonyesha moja linalouzwa karibu na kwake. Nimewaambia wote wawili kwamba gereji ile ina nafasi ya gari moja na paka mmoja. Mume wangu akajibu kwamba Mwajuma hatakataa boneti ya pili.