Kikombe kipi?

Juzi binti yangu alikuwa jikoni anatengeneza mkate wa kumimina. Alipofika kwenye sukari akasimama. "Mama, hapa Bibi alipoandika kikombe, ni kikombe kipi?" Nikaenda kabatini nikamtolea mkebe.

Ni mkebe wa biskuti, wa bati, mfuniko umeliwa na kutu. Ulinifikia baada ya arobaini ya Bibi yangu, pale Magomeni, Shangazi alipokuwa anagawa vyombo. Mbuzi ya nazi, kinu na masufuria vilipata wenyewe upesi. Mkebe ukabaki jamvini mpaka mwisho, maana wote tulijua ndani mna mapishi tu, na mapishi yenyewe Mama alishayanakili zamani.

Niliufungua usiku ule, watu wakishaondoka. Karatasi za daftari zimekunjwa mara nne, zimelowa mafuta, zinanukia iliki. Herufi kubwakubwa, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima. Visheti. Kaimati. Achari ya ndimu. Chini ya achari kulikuwa na senti 5, ile ya samaki yenye pembe kumi na mbili. Chini yake kikaratasi cha balozi wa nyumba kumi: jina la Babu, sukari kilo 1, mwaka 1983, sahihi imefifia. Na chini kabisa, ndani ya kipande cha khanga, kikombe cha kahawa, kile kidogo cha kauri kisicho na mkono, wanachonywea wazee barazani.

Nilidhani ni cha ukumbusho. Nikakiinamisha kwenye taa. Kwenye kitako, kwa ndani, palikuwa na duara jembamba la rangi ya chai. Nikalikwangua kwa ukucha, nikaweka ulimini. Sukari.

Nilikaa na kile kikombe mkononi kwa muda mrefu.

Karatasi ya mkate wa kumimina inasema: mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1, sukari kikombe 1, hamira kijiko 1 cha chai, ute wa yai 1, iliki. Nyumbani kwetu vyote tulipima kwa kikombe cha chai, na mkate haukuwahi kutoka kama wa Bibi. Ulikaa bapa, chini umeungua, katikati mbichi. Tulilaumu hamira, tukalaumu jiko, tukaamini Bibi alikuwa na mkono wake. Kumbe sukari ikizidi huvuta maji kutoka kwenye hamira, ikawa nzito kufanya kazi, na kitako huungua kabla moto haujafika kati. Nilipima kwa maji usiku uleule: vikombe vitatu vya kahawa ndiyo kimoja cha chai. Tulikuwa tunatia sukari mara tatu.

Mchele uloweke usiku kucha, usage na tui mpaka ukiusugua kwa vidole usisikie chenga. Hapo ndipo wengi huharibu, wanaharakisha. Tia hamira, funika. Kwa joto la Dar, dakika arobaini na tano mara nyingi zinatosha, ukiusahau unachacha. Sukari na ute wa yai vinaingia ukishaumuka, kwa sababu sukari hulegeza rojo. Pasha sufuria yenye mafuta kidogo, mimina, moto uwe mdogo. Vitundu vikianza kupasuka juu, funika na upalie makaa juu ya mfuniko.

Kikaratasi cha balozi ndicho kinachonisumbua mpaka leo. Baada ya vita vya Kagera kwisha 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na miaka iliyofuata sukari na sabuni vikawa vitu vya foleni. Ndiyo miaka ya ugali wa unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano. Balozi ndiye aliyejua nyumba ina vinywa vingapi. Kwa hiyo huenda Bibi alibadilisha kikombe, neno akaliacha lilivyo, ili mkate wa Idi usikosekane. Au huenda alipimia cha kahawa tangu mwanzo. Kwenye karatasi ya visheti sukari imekatwa kwa kalamu na kuandikwa upya pungufu. Kwenye ya mkate haikuguswa. Mama, ambaye binti yangu humwita Bibi Magomeni, anashikilia kwamba mkate wa utotoni mwake ulikuwa mtamu zaidi. Shangazi anasema ulikuwa hivihivi.

Binti alinisikiliza, akaosha kile kikombe, akakifuta. Akapima kimoja cha kahawa, akamimina kwenye rojo, akaonja kwa kidole.

"Na Bibi Magomeni yeye anasema ulikuwa mtamu?"

"Ndivyo anavyosema."

Akaongeza nusu.