Bahasha za Mjomba

Mjomba wangu aliyeko Moshi anaamini kwamba kazi yangu ya kuwatafutia waajiri wafanyakazi ni kukaa mezani mbele ya rundo la bahasha za maombi ya kazi, na kwamba nikipenda naweza kuichomoa ya binamu yangu chini na kuipandisha juu. Nimemweleza mara nyingi kwamba bahasha siku hizi hazipo, na kwamba kusoma wasifu ndiyo sehemu fupi kuliko zote katika siku yangu.

Muda mwingi huishia kwa mwajiri. Mwezi Aprili, masika yakiwa yamefunga baadhi ya kambi za mbugani, kampuni za utalii hapa Arusha huanza kutafuta watu wa msimu wa Juni, na karibu kila moja hutaka "mchapakazi mwenye uzoefu wa miaka 5". Mwenye kambi mmoja wa Serengeti aliniletea maneno hayo hayo kuhusu mpishi. Nilimuuliza jiko ni la gesi au la kuni, mpishi atakaa porini wiki ngapi kabla ya kurudi mjini, na aliyetangulia aliondoka kwa sababu gani. Hapo ndipo ukweli ulipojitokeza: aliyetangulia alikuwa hodari wa mchuzi, lakini mikate yake ilikuwa ikiungua chini na kubaki mbichi katikati. Kumbe tulikuwa tunatafuta mwoka mikate. Alipoongeza kwamba angependelea kijana asiyeoa, nilimkumbusha kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa umri na wa hali ya ndoa, na kwamba inamlinda hata anayeomba kazi tu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tuendelee.

Baada ya hapo ni simu. Waongoza watalii na wapishi wazuri huwa wako kazini mahali pasipo na mtandao, kwa hiyo nampigia mtu mmoja asubuhi, mchana na usiku. Waajiri wao wa zamani hupatikana kwa urahisi zaidi, ila hakuna anayependa kumsema mtu vibaya. Nikiuliza kama angemwajiri tena, naye akakohoa kwanza, nimeshajibiwa.

Saa ya mwisho ya siku nawapigia simu waliokosa kazi. Wenzangu wengi hawafanyi hivyo, na mimi naona ni utovu wa adabu. Binamu yangu nimempigia wiki iliyopita. Mpaka leo hajamwambia baba yake.