Mtu wa Akiba kwenye Besi ya Kwanza

Februari 2025

Habari yenyewe ilikuwa mstari mmoja tu, katikati ya orodha ndefu ya majina: New York Mets wamemsajili Joey Meneses, mchezaji wa besi ya kwanza, kwa mkataba wa ligi ndogo, na amealikwa kambini Port St. Lucie, Florida. Mstari uliofuata ulikuwa wa mtu mwingine. Nimeusoma asubuhi kabla ya kuingia zamu, nikausoma tena wakati wa chakula, na sasa ni usiku na bado haujanitoka. Bora niuandike.

Najua wengi mnaopita hapa hamfuatilii besiboli. Nyumbani mpira ni wa miguu, na mjadala ni Simba na Yanga. Kwa hiyo nieleze kidogo mkataba wa namna hii ukoje. Timu ya ligi kuu ya Marekani ina wachezaji 26 wanaoruhusiwa kucheza siku hiyo, na nyuma yao kuna orodha pana ya watu 40. Aliyesaini mkataba wa ligi ndogo hayumo hata kwenye hao 40. Anakwenda kambini mwezi Februari, anafanya mazoezi bega kwa bega na mastaa, na Machi inapokwisha anapelekwa Triple-A, daraja la mwisho kabla ya ligi kuu. Huko anacheza karibu kila siku, na anangoja simu. Simu hiyo kwa kawaida hupigwa pale mwenzake anapoumia, anapouzwa, au anaposhuka kiwango. Timu inamlipa huku ikiomba isije ikamhitaji.

Na besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji akishapiga mpira, ndiko ambako kungoja ni kugumu kuliko kote. Anayelinda hapo kazi yake kubwa ni kupokea: wenzake wanaokota mpira, wanamrushia, naye mguu mmoja umegusa besi, mwili umenyooshwa mpaka unadhani paja litachanika, na lile glavu lake refu limeutangulia mkono. Ni kazi ya ufundi, lakini haidai mbio wala mkono wa kurusha mbali, ndiyo maana wakubwa wa miili na wazito wa miguu huishia pale. Mchezaji wa katikati ya uwanja akikosa namba anaweza kusogezwa pembeni, akawekwa hapa na pale. Wa besi ya kwanza hana pa kusogea. Mtaji wake ni gongo, lile la kupigia mpira. Asipopiga, hana kingine cha kuuza, na timu haiwezi kupoteza nafasi mbili kati ya 26 kwa watu wawili wa namna hiyo. Wa pili lazima akae chini, Triple-A.

Meneses amekaa chini muda mrefu. Ni mtu wa Culiacán, Sinaloa, kaskazini magharibi mwa Mexico. Atlanta Braves walimsaini mwaka 2011 akiwa hajafikisha miaka 20. Akapita kwenye timu zao za madaraja ya chini, kisha kwa Philadelphia Phillies, na mwaka 2018 akiwa na Lehigh Valley, timu yao ya Triple-A, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima ya International League. Ukiwa bora wa ligi iliyo ngazi moja chini ya ligi kuu, ungetarajia mlango ufunguliwe. Haukufunguliwa. Akaenda Japani, Orix Buffaloes, 2019, na huko akapimwa, akakutwa na dawa iliyokatazwa, akafungiwa mwaka mmoja na mkataba ukavunjwa. Silifichi hilo, ni sehemu ya njia yake. Akarudi, akacheza madaraja ya chini ya Boston Red Sox, na kila majira ya baridi alikuwa kwao Culiacán akichezea timu ya Tomateros. Kisha Januari 2022 Washington Nationals wakampa mkataba wa ligi ndogo, wakampeleka Rochester, kwenye timu yao ya Triple-A. Mwaka mzima kazini, na karibu umri wa miaka 30.

Hapa ndipo mimi ninapoingia kwenye habari hii.

Wakati huo nilikuwa nafanya zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee hapa Maryland. Miongoni mwa niliowahudumia alikuwa mzee mmoja shabiki wa Nationals, na ndiye aliyenifundisha mchezo huu, mrusho kwa mrusho, nikiwa namlisha au namkanda miguu. Tarehe 2 Agosti 2022 alikataa kuwasha televisheni. Mchana ule timu yake ilikuwa imemuuza Juan Soto kwa San Diego Padres, kijana wa miaka 23, mpigaji wa aina ambayo mtu huiona mara moja katika maisha, na pamoja naye Josh Bell, mwenye besi ya kwanza. Eric Hosmer wa Padres alikuwa aje kuziba pengo, lakini mkataba wake ulimpa haki ya kukataa kwenda Washington, na akakataa. Luke Voit, aliyewekwa badala yake, jioni ile alikuwa bado hajavaa jezi. Besi ya kwanza ilikuwa tupu, na mechi iko palepale, tena dhidi ya Mets wenye mrushaji Jacob deGrom, aliyekuwa anarudi kurusha kwa mara ya kwanza msimu ule.

Wakampigia simu mtu wa Rochester.

Niliwasha televisheni mwenyewe, nikamwambia mzee wangu, kama huangalii wewe basi niangalie mimi. Aliuelekeza uso ukutani. Baadaye kidogo nikasikia ananiuliza, "Nani huyo?" Nikamsomea jina. Akasema hajawahi kulisikia, na yeye alikuwa akiwajua mpaka wachezaji wa daraja la pili. Meneses akaupiga mpira ukavuka uzio, pigo kubwa kuliko yote katika mchezo huu, kwenye mechi yake ya kwanza kabisa ya ligi kuu, na Nationals wakashinda 5 kwa 1. Nakumbuka namna alivyozizunguka besi: hakukimbia kwa madaha, hakupunga mkono. Alikimbia kama mtu anayeogopa kuchelewa. Mzee aligeuka, akaomba miwani.

Tangu usiku ule hakukosa mechi tena, na timu yenyewe ilikuwa mbovu kuliko zote. Ilimaliza msimu na ushindi 55 na vipigo 107. Ndani ya balaa hilo, mtu wa akiba alicheza mechi 56, akapiga kwa wastani wa .324, akavusha uzio mara 13. Kwa msiojua, anayefika .300, yaani anayefaulu kupiga mara tatu katika kumi, husifiwa na kila mtu. Machi iliyofuata, kwenye World Baseball Classic, mashindano ya mataifa, akiwa na jezi ya Mexico, aliwapiga Wamarekani mipira miwili nje ya uzio mjini Phoenix, na Mexico wakashinda 11 kwa 5. Mwaka 2023 alicheza mechi 154. Yule ambaye hakuwa na jina alikuwa sasa anatajwa wa tatu au wa nne kwenye safu ya wapigaji.

Halafu gongo likapoa. Mwaka 2024 wastani ulishuka mpaka .231, na Julai wakamrudisha Rochester. Mwezi huohuo besi ya kwanza ya Washington ikashikwa na Juan Yepez, Mvenezuela, naye katokea palepale Rochester, naye kwa mkataba uleule wa ligi ndogo. Sijui niseme nini juu ya hilo zaidi ya kwamba niliumia kwa mmoja na kufurahi kwa mwingine siku moja.

Baba yangu mdogo alikuwa deiwaka, njia ya Mwenge–Posta, Dar es Salaam. Deiwaka hana gari wala tajiri. Anafika kijiweni alfajiri, kanyoa, shati limepigwa pasi, leseni iko mfukoni, anakaa kwenye benchi la muuza chai akingoja dereva mwenye gari achoke, aumwe, au aitwe msibani. Akipewa tripu mbili, watoto wanakula. Wapita njia walimwona ameketi wakadhani hana kazi. Mimi niliyelala chumba kimoja na wanawe nilimwona kila usiku akifua shati lilelile, akilitundika, akiamka kulipiga pasi ya mkaa kabla ya adhana. Na alipopewa usukani, abiria hawakutaka kujua kama jana alikaa bure. Walitaka wafike Posta salama. Alijua kila shimo la barabara ile sawasawa na mwenye gari. Nikimtazama Meneses, namwona baba mdogo, na kwa moyo wangu wote naamini kuwa kukaa tayari ni kazi kamili, si nusu ya kazi.

Malipo hayasemi hivyo. Kima cha chini cha ligi kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000 kwa msimu. Triple-A, mkataba wa kwanza wa chama cha wachezaji wa ligi ndogo, uliosainiwa 2023, uliweka kima cha chini kuwa dola 35,800 kwa mwaka, na kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya zaidi. Wazoefu kama Meneses hupatana zaidi ya hicho, lakini bado kati ya Syracuse, ambako Mets wana timu yao ya Triple-A, na Queens, New York, wanakochezea Mets wa ligi kuu, umbali wa saa chache kwa gari, kuna pengo la maisha mawili tofauti.

Na sasa sehemu iliyonikamata zaidi. Desemba 2024 Mets hao hao walimsajili Juan Soto kwa miaka 15, dola milioni 765. Yuleyule Soto ambaye kuondoka kwake kuliacha safu ya Washington wazi akaitwa Meneses. Wanakutana kambi moja, mmoja akiwa na mkataba mkubwa kuliko wowote uliowahi kuandikwa kwenye besiboli, mwingine hayumo hata kwenye wale 40. Halafu Februari 2025 wakamrudisha Pete Alonso, dola milioni 54 kwa miaka miwili. Alonso ni besi ya kwanza, na Alonso hapumziki. Msimu wa 2024 alicheza mechi zote 162. Hata akiumia, Mark Vientos anaweza kusogezwa kutoka besi ya tatu. Mlango wa Meneses ni mwembamba kiasi hicho.

Mchana nilimpigia simu mzee wangu. Sasa anaishi kwa binti yake, jimbo lingine, sauti imepungua lakini kumbukumbu ya mchezo iko kamili. Nikamweleza. Alikaa kimya kidogo, kisha akanisimulia habari ya Babe Dahlgren, ambayo naye alisimuliwa na baba yake. Lou Gehrig wa Yankees alishika besi ya kwanza kuanzia 1925, akacheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa. Nyuma yake mwishoni alikaa Dahlgren, mchezaji mzuri, asiye na nafasi. Tarehe 2 Mei 1939, mjini Detroit, Gehrig, mwili ukiwa tayari umeanza kuliwa na ugonjwa uliokuja kumuua miaka miwili baadaye, alimwomba kocha asimpange. Dahlgren akaingia. Siku ile alivusha mpira nje ya uzio, akapiga na mwingine uliomfikisha besi ya pili, Yankees wakashinda 22 kwa 2.

"Ulimwengu mzima unakumbuka aliyekaa," mzee aliniambia, "mimi baba yangu alinifundisha na jina la aliyesimama."

Nilimuuliza kama atamshangilia Meneses akiwa na jezi ya Mets, maana kwa mtu wa Washington, Mets ni mahasimu wa kundi moja, na uhasama huo hana utani nao. Akasema Mets hatawashangilia mpaka anaingia kaburini. Lakini Joey akisimama mahali pa mpigaji na gongo mkononi, atampigia makofi, na binti yake akiuliza atasema anaua mbu.

Simwombei Alonso aumie. Nimeiangalia nafsi yangu vizuri kabla ya kuandika sentensi hii, na simwombei. Ninachokitaka ni kidogo kuliko hicho: kocha wao, Carlos Mendoza, ampumzishe Alonso siku moja, Jumapili moja yenye jua kali baada ya safari ndefu, na amwandike Meneses kwenye karatasi ya wapigaji, nafasi ya saba au ya nane haijalishi. Wanacheza na Nationals mara kadhaa kila msimu, na baadhi ya mechi ni hapa Washington, ambako kuna watu watakaosimama akitangazwa.

Kambi imekwisha kuanza. Mechi za kujipima zinaanza wiki hii, na kwenye hizo mastaa hutoka mapema, kuanzia raundi ya tano au ya sita wanaingia akina Meneses. Nimemwandikia mzee saa za matangazo.