Ufunguo wa stoo ya vyombo

Kwa muda wa mwaka mzima niliambiwa neno moja: "Mzee, tuombe tu." Nikaomba. Sitadharau maombi hata siku moja. Bila magoti nisingepata nguvu ya kurudi kwenye nyumba nilikofungiwa mlango. Lakini wengi walioniambia tuombe tu walikuwa hawataki kuligusa jambo lenyewe, na jambo lisiloguswa lilikuwa linatumaliza.

Mimi ni katibu wa baraza la wazee wa kanisa letu. Mgogoro ulianza na vyombo vya muziki. Kwaya kuu ndiyo iliyokuwa ikishika ufunguo wa stoo tangu mwanzo. Kikundi cha kusifu cha vijana kilipoanza, kikawa kinakuja jioni kwa mazoezi na kukuta kufuli. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha kinanda kikakutwa waya umekatika, na kila upande ukajua bila kuuliza ni nani kaukata. Baada ya miezi michache tulikuwa na makundi mawili ya WhatsApp, na ndani ya kanisa watu walikaa kushoto au kulia kulingana na upande wao.

Kilichonikosesha usingizi ni Jumapili moja ya Meza ya Bwana. Mama mmoja mtu mzima aliangalia nani ameketi kwenye safu yake, akakunja kitambaa chake, akahamia nyuma kabla sahani ya mkate haijamfikia. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo hilohilo, kwamba walipokusanyika kwa chakula cha Bwana ndipo faraka zao zilipoonekana. Nilikuwa nimelisoma miaka mingi nikidhani ni habari za watu wa kale.

Tulianza na mahubiri. Mchungaji alihubiri Yohana 17, Bwana akiomba wafuasi wake wawe na umoja, na alihubiri kwa machozi. Ibada ilipokwisha, kiongozi wa kwaya akamshika mkono: "Mchungaji, leo umewapata." Hazikupita dakika tano, kiongozi wa vijana naye akaja na maneno yaleyale. Kila mmoja alikuwa amelisikia neno la jirani yake.

Kisha tukashauriwa kuitisha mkutano mkuu wa upatanisho, kila mtu atoe lililo moyoni. Aliyetoa ushauri huo aliutoa kwa nia njema, ila naomba asiutoe tena popote. Tulianza saa tatu asubuhi. Ndugu mmoja alifungua daftari lenye tarehe za kila kosa alilotendewa, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, na upande wake ukawa unaitikia "Amina" kama vile ni Maandiko. Upande wa pili nao ukataka muda uleule. Kufika alasiri, watu waliokuja wakiwa na kinyongo kidogo walikuwa wamefundishwa kinyongo cha wenzao. Mbele ya watu hakuna anayekiri. Kila mtu anasimama kuwatetea wa kwake, na akirudi nyuma ataitwa msaliti. Wiki hiyo familia tano zikaondoka.

Ndipo nikarudi kwenye Mathayo 18 na kuona tulivyoisoma kinyumenyume. Bwana anaanza na watu wawili, "wewe na yeye peke yenu," halafu shahidi mmoja au wawili, na kanisa zima linakuja mwisho kabisa. Sisi tulianza na kanisa zima.

Nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, zaidi ya thelathini. Lakini kwanza nilisema wazi barazani kwamba mke wangu anaimba kwaya kuu, kwa hiyo nina upande hata nikijikaza. Nikaomba niongozane na mzee ambaye mwanawe ni mpiga gitaa wa vijana. Tulikubaliana jambo moja: neno la nyumba hii halihamii nyumba ile, hata likiwa neno zuri. Nauli na muda sikuhesabu.

Nyumba za kwanza niliharibu. Niliuliza, "Kilitokea nini?" na swali hilo lilinipatia saa mbili za mashtaka. Mwenzangu ndiye aliyelibadilisha. Aliuliza, "Lini ulianza kuona kwamba hapa huna nafasi?" Mama kiongozi wa kwaya akakaa kimya kwa muda mrefu. Akasema walipunguziwa nyimbo bila kuambiwa. Aliusoma utaratibu wa ibada mlangoni pamoja na wageni, akakuta umebaki wimbo mmoja. Kinanda hakukitaja kabisa. Kijana kiongozi, baba wa watoto wawili, akasema: "Wazee wangu, hata kwenye taarifa ya mwaka tunaandikwa 'watoto'." Taarifa ile niliiandika mimi. Nikamwomba msamaha palepale.

Lililotufungulia njia lilikuwa Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwaambia waache kunung'unika. Walisema wachaguliwe watu saba, nao wakachaguliwa Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina yote saba ni ya Kigiriki. Nilivyoelewa mimi, huduma iliyolalamikiwa ilikabidhiwa watu wa upande uliolalamika.

Nikapeleka pendekezo: ufunguo wa stoo ukae kwa vijana, na utaratibu wa nyimbo za ibada uandikwe na mama wa kwaya. Baraza likakataa mara mbili. Mzee mmoja akasema ni kumkabidhi fisi bucha. Nikaomba miezi mitatu tu ya majaribio, na mchungaji akaniunga mkono.

Tangazo lake nililiandika kwa uangalifu kuliko barua yoyote maishani mwangu. Paulo anapowataja Euodia na Sintike kwa Wafilipi, analirudia neno kwa kila mmoja: namsihi huyu, namsihi na huyu. Hasemi nani alianza. Nikafanya hivyo, sentensi ya mama na sentensi ya kijana zililingana neno kwa neno.

Jumamosi ya kwanza kwaya ilikuta stoo iko wazi, vyombo vimefutwa vumbi, na waya wa kinanda umeungwa. Jumapili, karatasi ya utaratibu ilikuwa na mwandiko wa mama: nyimbo tatu za vijana, mbili za kwaya. Alijipunguzia mwenyewe. Vijana walipoisoma, wawili wakaenda kumuuliza kama kwaya ingekubali kuimba nao mmojawapo. Yale makundi ya WhatsApp hatukuyafunga kwa amri. Yalikufa yenyewe kwa kukosa habari.

Bado hatupendi nyimbo zilezile, na spika bado zinalalamikiwa. Yule mama wa kitambaa amerudi kwenye safu yake ya zamani.

Katika familia tano zilizoondoka, mbili zimerudi. Moja imetulia katika kanisa jingine. Tuliwaandikia barua ya kuwatambulisha na tunawaombea heri. Hizo mbili nyingine naendelea kuziendea. Paulo na Barnaba waliachana kwa ajili ya Marko, lakini miaka baadaye Paulo huyohuyo aliagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa. Wiki iliyopita nilikwenda kwa yule ndugu wa daftari, ambaye mara ya mwisho alinifungia mlango. Aliufungua nusu, akauliza ufunguo wa stoo siku hizi anao nani. Nikamtajia jina la kijana. Akanitazama, akauliza kama vyombo viko salama. Nikamwambia viko salama. Akasogea pembeni, akasema, "Pita ndani, mzee."