Swichi yangu ilivyokosea bei ya mzigo wa Kyela

Mjomba ana kiofisi cha kupokea mizigo ya mabasi hapa Mbeya. Bei zote alikuwa nazo kichwani, na akienda shamba karani alimpigia simu kwa kila mzigo. Mwaka jana akaniuliza, "Mpwa wangu, hiyo kompyuta unayoshinda nayo haiwezi kumtajia karani bei?" Nikamwambia inaweza.

Mjomba hutoza kwa njia, si kwa kituo. Barabara ya Dar es Salaam inapita Igawa, Makambako na Mafinga. Ya mpakani inapita Mbalizi na Vwawa hadi Tunduma. Na ukifika Uyole unakata kulia kwenda Tukuyu na Kyela. Vituo vingi, bei chache: nikaona swichi ndiyo yenyewe, yaani amri ya programu inayolinganisha ulichoipa na orodha ya kesi (case), kisha hufanya kilichoandikwa chini ya kesi inayolingana. Kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu, nikaandika hivi:

case 'Tukuyu' || 'Kyela':

Niliusoma mstari huo kama ninavyosema: ikiwa ni Tukuyu au Kyela. Nikaujaribu kwa Tukuyu, bei ikatoka sahihi, nikamkabidhi karani.

Siku ya tatu mama mmoja akaleta kiroba cha viazi cha kwenda Kyela. Kompyuta ikadai shilingi 15,000 badala ya 4,000. Mama akaitazama risiti, akamuuliza karani kwa upole, "Mwanangu, Kyela imehama?" Mjomba alimrudishia kilichozidi na kumwomba radhi. Mimi niliumia sana, maana yule ni mteja wake tangu sijaanza shule.

Usiku ule nikaelewa. JavaScript hukokotoa kwanza kilichoandikwa baada ya case, kisha ndipo hulinganisha. Alama ya || ikikuta maandishi mawili hurudisha la kwanza, mradi si tupu. Kwa hiyo kilichobaki pale ni Tukuyu peke yake. Kyela haikuwemo tangu mwanzo; ilipita moja kwa moja hadi default, sehemu inayotumika pasipo kesi inayolingana, ambako nilikuwa nimeweka bei ya Dar es Salaam.

Njia sahihi ni kuzipanga kesi moja juu ya nyingine:

case 'Tukuyu':
case 'Kyela':
  bei = 4000;
  break;

Kesi isiyo na amri chini yake hutiririkia inayofuata, na mtiririko huo kwa kawaida hauishi mpaka ukutane na break, amri ya kutoka kwenye swichi, au swichi yenyewe iishe. Tabia hii imetoka kwenye lugha ya C. Inasaidia, lakini inataka uangalifu: katika marekebisho hayohayo nilisahau break chini ya Tunduma, na bei yake ikafutwa na ya njia iliyofuata. Safari hii niligundua mapema kwa sababu nilijaribu kila kituo, kimoja kimoja.

Ukabaki uzito. Mjomba ana madaraja matatu: chini ya kilo 10, kuanzia 10 hadi 50, na zaidi ya 50. Kesi hulinganisha kwa usawa kamili, haijui "zaidi ya". Wapo wanaoandika switch (true) na kuweka ulinganisho ndani ya kila kesi. Inafanya kazi, na ya kwanza iliyo kweli ndiyo inayochukuliwa, hivyo mpangilio una uzito wake. Niliijaribu nikaiondoa. Njia na kilo zikichanganywa kwenye swichi moja, msimbo unakuwa msitu. Sasa funksheni ndogo (kipande cha msimbo chenye kazi yake moja) yenye if, yaani "ikiwa", hugeuza kilo kuwa daraja, swichi hushughulika na njia tu, na bei husomwa kwenye jedwali la njia husika. Mjomba akibadili bei, nagusa jedwali pekee.

Badiliko ninalolithamini kuliko yote ni la default. Haibahatishi bei tena. Husimama na kuandika: "Kituo hiki hakina bei, muulize Mjomba." Ni afadhali karani apige simu moja kuliko mteja atozwe kisicho haki.

Wiki iliyopita ulikuja mzigo wa Mwakaleli. Programu ikasimama, karani akapiga simu, Mjomba akasema utozwe kama wa Tukuyu. Jioni nikaongeza mstari mmoja, juu ya ule wa Kyela.